Chai ya Tulia Imekatwa

Andongwisye: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Sina miwani hapa.

Prisca: Ni mimi, shemeji. Prisca, niko huku Ibighi. Ugonile, umeamka salama?

Andongwisye: Ndaga. Sema haraka, nina kazi.

Prisca: Hiyo kazi ndiyo imenifanya nipige. Jirani yako Hosea kapita shambani kwako asubuhi. Anasema unafyeka chai yote.

Andongwisye: Hosea ana mdomo kuliko redio.

Prisca: Kwa hiyo ni kweli?

Andongwisye: Nimeanza jana. Imebaki mistari minne. Nikimaliza namwagia mashina mafuta ya taa, nachoma. Lita tano ziko hapa miguuni kwangu.

Prisca: Chai ya dada yangu Tulia?

Andongwisye: Dada yako amelala kwenye migomba nyuma ya nyumba. Hachumi tena.

Prisca: Usiongee hivyo—

Andongwisye: Niongeeje? Miaka thelathini na moja, Prisca! Kachuma na mimba, kachuma na Lugano mgongoni, kachuma na malaria. Tumepata nini? Bati lenye kutu. Wale wakubwa wa ushirika wana vitambi, mke wangu alikuwa na mgongo uliopinda. Nimempotezea mtu maisha yake yote kwenye haya majani.

Prisca: Ndiyo uchome?

Andongwisye: Nichome! Na ile miaka, kama ingechomeka, ningeanza nayo.

(mtandao unakoroma)

Prisca: Haloo? Unakatika. Panda juu kidogo.

Andongwisye: Nimesimama kwenye kichuguu. Unasikia?

Prisca: Nasikia. Umekula?

Andongwisye: Usinibadilishie maneno.

Prisca: Hujala. Mwanaume akichemsha maji anadhani kapika.

Andongwisye: Prisca, nitakata simu.

Prisca: Kata. Nitapiga tena. Nimejiunga, dakika ninazo mpaka kesho.

Andongwisye: Wewe hujui ile siku ilivyokuwa.

Prisca: Najua.

Andongwisye: Hujui, hukuwepo! Mwezi wa nne, mvua ile. Mchana kaniambia kichwa kinamgonga. Nikamwambia lala, nakwenda kupima majani, narudi. Saa tisa niko banda la kupimia, lori la ushirika la kubeba majani hakuna. Saa kumi na moja, hakuna. Karani anasema liko njiani. Mwenyekiti hapokei simu. Na mimi nimekaa! Nimekaa juu ya magunia kama mjinga, nageuza majani yasichemke yakaoza. Lori lao limefika saa mbili usiku. Narudi nyumbani, mtu hawezi kutamka hata jina langu.

Prisca: Shemeji...

Andongwisye: Na daraja lililovunjika je? Miaka mitatu wanakuja kulipiga picha. Kumpeleka hospitali tumemvusha mtoni mimi na Hosea, tumembeba kwenye blanketi, maji kiunoni. Wamemuua wale.

Prisca: Wale.

Andongwisye: Ndiyo, wale!

Prisca: Na wewe hujisemi?

Andongwisye: Ulitaka niseme? Haya. Na mimi. Kwa ajili ya magunia mawili ya majani. Umefurahi?

Prisca: Sijafurahi. Nataka na mimi nijitaje.

Andongwisye: Kwa lipi?

Prisca: Alinipigia. Saa tisa na nusu siku ile ile. Akasema kichwa kimezidi, macho yanaona giza. Nikamwambia ngoja nimpigie shemeji arudi. Akakataa. Akasema, mwache apime, kachuma peke yake tangu alfajiri, yakioza ataumia. Akasema nije mimi.

Andongwisye: Uje wewe.

Prisca: Mvua ilikuwa kubwa. Nikasema nangoja ipungue. Haikupungua.

(mtandao unakwaruza)

Prisca: Shemeji? Upo?

Andongwisye: Mwaka mmoja na miezi mitatu. Msibani ulilia kuliko wote. Umelala kwangu, umekula kwangu. Hukusema.

Prisca: Niliogopa.

Andongwisye: Nakata simu. Nakwenda kuchoma sasa hivi.

Prisca: Choma! Ila kwanza niambie, umekata vipi?

Andongwisye: Nini?

Prisca: Hiyo chai. Hosea anasema shamba limekaa kama meza. Sikumwelewa.

Andongwisye: Nimekata kwa panga, basi.

Prisca: Hovyo hovyo?

Andongwisye: Prisca—

Prisca: Nijibu. Mwenye hasira anakata huku juu, kule chini. Wewe umekata usawa gani?

Andongwisye: Usawa mmoja.

Prisca: Yote?

Andongwisye: Mkono ndivyo unavyokwenda. Umeshazoea.

Prisca: Kwenye goti?

Andongwisye: Chini ya goti. Mimi goti langu liko juu.

Prisca: Sasa hilo ni goti la nani?

Andongwisye: La Tulia. Yeye ndiye alikuwa anapima. Anatangulia, anasimama kwenye shina, anaegemeza goti, anasema hapa. Mimi nakata. Prisca, sikuwa nafikiria. Nilikuwa natukana tu. Tangu jana natukana viongozi, namtukana Mungu, namtukana mpaka marehemu.

Prisca: Kwa hiyo siku mbili umetukana na hujaua hata shina moja. Umepogoa, shemeji.

Andongwisye: ...Nimepogoa.

Prisca: Na mwezi wenyewe wa saba, wa kupogoa. Bwana shamba asingeona kosa.

Andongwisye: Bwana shamba gani? Yule barabara ya huku haijui.

Prisca: Unacheka au unalia?

Andongwisye: Niache. Ikichipua nani atachuma? Mimi peke yangu nitachuma nini?

Prisca: Sijui, shemeji. Kwa kweli sijui.

Andongwisye: Ule mstari wa juu tuliupanda wiki ya harusi yetu. Mvua ikatupiga, miche ikasombwa mpaka bondeni, tukaifukuza. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini kwenye tope. Alikuwa anacheka, Prisca. Mimi mwaka mzima namsimulia kwa watu kama mtu aliyeteseka tu.

Prisca: Alikuwa na kicheko kile cha kukohoa.

Andongwisye: Cha kukohoa, eeh. Mwe... ukungu umeondoka!

Prisca: Umesemaje?

Andongwisye: Jua! Linapiga mashina moja kwa moja, sijafunika! Yakikaa hivi mpaka jioni ganda linapasuka, yanakufa kweli.

Prisca: Si ndicho ulichokuwa unataka?

Andongwisye: Usinichokoze! Matawi nimeyarundika kule mwisho, tayari kwa moto. Niyarudishe juu ya kila shina, mikono miwili hii—

Prisca: Nakuja. Nachukua bodaboda.

Andongwisye: Sijakusamehe.

Prisca: Najua.

Andongwisye: Usije ukadhani nimekusamehe.

Prisca: Nimesikia, shemeji. Nakuja hivyo hivyo.

Andongwisye: Vaa gambuti, kuna tope. Simu yangu inalia chaji. Ukifika usiniite, wewe anza tu kufunika. Anza na mstari wa juu, ndio unaopigwa sana na—

Prisca: Haloo? Shemeji? Haloo?