Zvidzai Gumbo, Bwana Shamba Aliyekataa Kunidanganya

Ndugu waombolezaji, mimi ni Marwei, mdogo wake. Mniwie radhi nikisita katikati.

Zvidzai alizaliwa Bikita tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa pili wa Mzee Taruvinga na Mama Ruvarashe.

Alisoma shule ya misheni hadi kidato cha nne, 1969. Huko ndiko alikoacha kusali. Hakugombana na mtu. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha sukari.

Tangu 1974 hadi 2006 alikuwa bwana shamba. Akifika shambani kwa watu alichimba shimo kwanza, akawanusisha wenyeji udongo wao, ndipo aseme neno.

Mwaka 1976 alimwoa Netsai, wakapata watoto watatu. Rufaro, kifungua mimba, alifariki kwa malaria Machi 1988, akiwa na miaka tisa. Watu walinong'ona: asiye na Mungu atashika nini? Alishika jembe. Kaburi la mwanawe alilichimba mwenyewe, akakataa kupokewa jembe.

Mwaka jana figo zilianza kumshinda. Juni hii, nikimlisha uji, nilimuuliza, "Kaka, kama mbele hakuna kitu, miaka yote hii ulikuwa unaamkia nini?"

"Mbuzi. Hawajui kusubiri."

"Acha utani. Sema tu kwamba utamwona Rufaro. Sema, hata kwa ajili yangu."

Alikisogeza kijiko kando. "Siwezi kukudanganya, Marwei. Ila mtoto yule aliishi. Alicheka, akavunja vyungu vya mama yake. Yameshatokea hayo; kifo hakiwezi kuyafanya yasiwe yametokea. Mimi yamenitosha."

Mimi hayakunitosha. Nikalia. "Basi nitakuombea."

"Omba. Sauti yako naipenda."

Alifariki Jumanne, 9 Julai 2019, saa tatu asubuhi, Netsai akiwa amemshika mkono.

Jana Mubaiwa, sahwira wetu, yule mwenye ruhusa ya kutania hata maiti, aligonga jeneza: "We mbishi! Leo umekosa jibu?" Tulicheka. Kisha Mubaiwa mwenyewe akakaa chini, akalia kama mtoto.

Ameacha mjane, Netsai, watoto wawili, Tendekai na Shorai, wajukuu watano, na mimi.

Analazwa kando ya Rufaro, kama alivyoomba. Hapa nilikuwa nimeandika kwamba sasa wako pamoja. Nimefuta. Hakupenda kusemewa asilolijua.

Lala kwa amani, kaka. Kuomba, nitaomba.