Chupa Chini ya Magunia

Mbele ya jiko la kahawa la Wahu, pale soko la Ndalu, kuna benchi ambalo wenyewe huliita Bunge. Asubuhi hiyo Mukhwana, anayeitwa Spika kwa kupenda kunyamazisha watu, alikaa mwisho kabisa wa benchi, mkono kifuani. Maumivu ya moyo yalikuwa yamemrudia, yamemkalia kama gunia la mahindi. Aliogopa sana, na hakutaka wenzake wajue.

— Spika, si walikupea dawa hospitali ya Kitale? aliuliza Gachanja. Weka chini ya ulimi, bana!

— Niliificha nyumbani, mbali na jiko. Si wewe ulisema ni baruti?

Gachanja aliwahi kuvunja mawe machimboni, na hajaacha kulisimulia Bunge habari hizo.

— Nilisema ile kitu iko ndani, hiyo nitro, ndiyo iko kwa baruti ya kupasuanga mawe. Hiyo ni ukweli.

— Basi akikunywa kahawa moto juu yake, anaripuka! alidakia Kizito, anayeitwa Dakitari kwa kuwa huuza dawa za ng'ombe.

— Hata akikohoa tu! alisema Gachanja.

— Ati akikohoa? Akipiga chafya, soko yote inaenda. Na kanisa!

Walicheka. Mukhwana alijaribu kucheka nao, pumzi ikamkatikia, na kicheko chao kikaishia hapo.

Ndipo Edinah, mkewe, alipofika mbio, leso imelegea, chupa ndogo ya kahawia mkononi.

— Nilikuona ukitoka umeshika kifua! Nimeipata kwa stoo, chini ya magunia! Sista wa hospitali alisema hiyo nitro iko kidogo sana, haiwezi lipua hata siafu. Inafungua mishipa tu, damu ipite. Fungua mdomo, Baba Ivy.

Alifungua. Kidonge kikayeyuka chini ya ulimi, kichwa kikamgonga kidogo, kisha lile gunia likaanza kuinuka polepole. Edinah hakumwachilia mkono. Aliwageukia wale wawili, machozi yakimlengalenga.

— Na huyu akienda, hapa mtabishana na nani?

Kizito alitazama kikombe chake. Wahu akaacha kukoroga. Kwa mara ya kwanza Bunge lilinyamaza bila kuambiwa na Spika.

Gachanja aliichukua ile chupa, akaitia mfukoni mwa shati la Mukhwana, akafunga kifungo. Kiganja chake kikabaki palepale kifuani, kikisikiliza.