Fundi wa Chubwi na Bata wa Ziwani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa chubwi, vile vizito vya risasi vinavyozamisha ndoano. Ametutoka juzi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Miaka thelathini aliyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya nyumba yake, kando ya ziwa. Chubwi zake zilikuwa ndogo, za mviringo, laini kama kokoto. Kila moja aliitia alama ya msumari. Alijivunia ulaini ule. Ndio uliomponza.

Asubuhi moja mkewe alimkuta bata maji ufukweni, shingo imelegea, mabawa yanaburuta mchangani. Jeraha hana. Akamfia mikononi. Fundi akampasua. Ndani ya firigisi, katikati ya vijiwe ambavyo bata humeza vimsaidie kusaga chakula, zilikuwamo chubwi mbili. Zimesagika nusu, sumu imeshaingia damuni. Alama ya msumari bado inaonekana.

"Alikaa chini palepale," mkewe anasimulia. "Nikamwambia, baba watoto, hukujua. Akanijibu, 'Bata naye hakujua.'"

Sufuria ikapinduliwa siku hiyo hiyo. Fundi akaanza kutunga vizito vya nati za chuma, akawagawia wavuvi bure: lete ya risasi, chukua ya chuma. Wakamcheka.

"Mzee Nati, kwani bata ni shemeji zako?"

"Shemeji angeanza na salamu. Wewe umenisalimia?"

Wakacheka tena, wakabadilisha. Si wote.

Maji yalipopungua alipita matopeni na ndoo, akiokota. Ofisi ya uvuvi aliiandikia barua, chubwi za risasi zipigwe marufuku. Barua kumi na moja. Narudia, kumi na moja! Bwana mmoja kule akamwambia, "Mzee, bata hapigi kura." Tunalikumbuka neno hilo, na aliyelisema tunamkumbuka.

Miaka ya mwisho mikono yake ilitetemeka. Daktari hakusema ni risasi, nami sitamsemea. Najua tu moshi wa sufuria ile aliuvuta miaka thelathini.

Binti yake ndiye aliyekuwa kitandani pake. "Baba aliuliza, 'Wamejibu?' Nikasema, ndiyo baba, wamekubali. Akafumba macho."

Mama mjane, poleni sana. Binti, pole, wala usijilaumu. Aibu hii si yako. Nanyi wasikilizaji, fungueni visanduku vyenu vya ndoano, mtazame kilichomo. Kisha tuiandikieni ofisi ile, sote, mpaka alichoambiwa mzee yule na bintiye kiwe kweli.