Papa Hippolyte na Helisi ya Ukutani

Tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Papa Hippolyte Kilumba anavua salopeti yake ya kazi na kuiaga Atelye Mapacha ya Ziwa, karakana yetu ya mota za boti hapa Kalemie. Kamati ya mafundi imenipa miye, Joël, kazi ya kuandika maneno ya kumwaga, kwa kuwa kati ya mafundi wote ndimi niliyefika mbali: Kigoma, Bujumbura, Mpulungu, na kote nimekula samaki na makapiteni. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini hiyo ni hasara ya shule.

Papa Hippolyte aliingia hapa mwaka 1991 akifagia. Miaka saba baadaye alikuwa ndiye muntu wa helisi, ile pangaboi ya mota inayosukuma maji. Sisi wengine tuliitazama kama ua la chuma. Yeye alisoma namba zake mbili. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni hatua, yaani helisi ikizunguka mara moja ingesogea mbele kiasi gani, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Boti nyepesi inataka hatua ndefu. Boti yenye mzigo inataka fupi, la sivyo mota inahema, inatoa moshi, na pua ya boti haiinuki. Ukifupisha mno nako, mota inapiga kelele bure na safari haisogei. Mteja akichoka na maelezo, Papa alimwuliza: "Ukipanda mlima wa Kirungu na gunia kichwani, unapigaka hatua ndefu? Basi!"

Hakuanza na nguvu za mota. Alianza na mzigo. Na kwa kuwa watu wetu wanaona haya kusema wanajaza boti kupita kiasi, alishuka majini akatazama utando wa kijani ubavuni mwa boti, kuona maji yalikuwa yanafika wapi. Mama Philomène wa soko la ndakala, yaani dagaa, aliapa kwamba anabeba kidogo tu. Kijani kilikuwa kimefika vidole vinne kutoka ukingoni. "Mama, weye unaweza kunidanganya. Boti hapana!" Mama Philomène alicheka hadi akakalia gunia, na tangu siku ile hakutaka fundi mwingine.

Sheria yake ilikuwa moja: helisi haijaribiwi kwenye boti tupu. Mzigo ukikosekana, tulipanda sisi na mifuko ya mchanga. Miye nilihesabiwa magunia mawili. Hata ziwa lilipopanda mwaka 2021 likaingia ndani ya atelye, alifanya kazi maji yakiwa magotini, akisema afadhali, sasa wateja wanafika na boti zao hadi mezani.

Kila fundi mpya huonyeshwa helisi iliyopigiliwa ukutani mwa biro, yaani ofisi yetu, imeandikwa kwa rangi nyeupe: HIPPOLYTE 2013. Anaambiwa, hata bingwa aliteleza. Ni helisi ya hatua ndefu iliyofungwa kwenye boti ya chanjo iliyokwenda Moba na watu, masanduku na mapipa ya mafuta. Boti ilitambaa, mota ikachemka, barafu ikayeyuka. Nesi, Mama Consolate, alifika kesho yake na chanjo zilizoharibika, akawarudisha nyumbani kina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni. Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza nani alifunga helisi hiyo. Papa akajibu: "Njo miye." Mwaka ule alikuwa afanywe shefu, msimamizi wa atelye. Alingoja minne mingine.

Sasa kaeni vizuri. Helisi ile niliifunga miye.

Papa alikuwa matangani Nyunzu, jambo ambalo mkurugenzi hakulijua. Nilijaribu boti tupu, peke yangu, ikaruka, nikawapungia mkono wasichana wa ufukweni. Nilikuwa na miezi mitano kazini na mapacha wachanga nyumbani. Papa alijua nitafukuzwa. Aliniambia maneno mawili tu: "Jifunze kupakia." Nimesimulia safari zangu zote, hata zile ambazo sikusafiri, lakini hiyo nimeifungia kinywa miaka kumi na miwili.

Siwezi kumwacha aondoke jina lake likiwa pale. Juzi nilimweleza mkurugenzi wetu, Mama Claire, kisha nikakwangua rangi na kuandika JOËL. Mama Claire amesema tutaongea Jumatatu. Sawa, tutaongea. Mafundi wapya na waje wanicheke.

Papa Hippolyte, atelye yote inakushukuru, na miye zaidi ya wote. Mzigo wangu uliubeba muda wote huo na hukuwahi kusema boti ni nzito. Leo nimeushusha. Nenda salama, Papa, upate afya, usingizi na maji matulivu. Na helisi yako ya hatua fupi uibadilishe: sasa unaweza kufunga hatua ndefu.