Kiti cha Mikanda

Ndugu waombolezaji, mjane ameniomba mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee haya, na ameonya mapema kwamba zipo sehemu ambazo hata yeye hazielewi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi viatu, akasoma shule ya jirani, kisha chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1974 na kuajiriwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako stooni alikikuta kiti kizito cha mbao chenye mikanda ya ngozi, ambacho wagonjwa wa zamani walifungwa juu yake, akaomba akichukue nyumbani.

Tarehe 12 Juni 1979 alioa, bibi harusi akapigwa na butwaa kukikuta kiti hicho sebuleni, akauliza kama ni zawadi au ni onyo, marehemu akacheka tu. Walijaliwa binti na mwana, mama akawakataza kukikalia, baba akawaruhusu, wakawa hawajui washike lipi.

Alipostaafu, mwaka 2011, alianza kukipeleka gerezani kila Alhamisi, akawasimulia wafungwa jinsi wenye maradhi ya akili walivyofungwa humo, kisha akamkaribisha anayetaka akikalie, mikanda ikining'inia tu, na aliyekaa, bila kuulizwa, alianza kusema jinsi asivyolala, jinsi anavyotamani kufa, hata askari wakazoea kumwita muuguzi wa gereza badala ya kumtia mtu kama huyo chumba cha peke yake. Nyumbani hakueleza neno, haya tumeyasikia kwa askari hapa msibani; shemeji, mkewe, akadhani kiti kinapelekwa kwa seremala, akashangaa kinarudi vilevile.

Mwaka 2021 alianza kusahau, asubuhi akaagiza kiti wapewe wafungwa, jioni akasihi kisitoke, na kila mgeni alimwambia akae, asiogope, hakuna atakayemfunga, mpaka siku moja akamwambia hivyo mkewe, naye shemeji akatoka uani akalia. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba mwaka huu, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliombeba, wauguzi wenzake, na askari magereza, ambao tangu asubuhi wanauliza habari za kiti, na shemeji hajui amsikilize mume wa asubuhi au wa jioni. Mnamwona hapo kando ya jeneza, amekikalia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na anasema askari mtakichukua, ila mngoje kidogo, kuna jambo anataka kusema.

Pumzika kwa amani, kaka, hakuna atakayekufunga.