Tangazo la Sabuni Lisikatwe

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu ni tangazo la sabuni. Mke wangu, Biubwa, alikuwa ameweka kinasa sauti mbele ya redio, kidole juu ya kitufe, akinasa taarabu kama alivyofanya kila Ijumaa. Tangazo likija, alisimamisha kanda. Wimbo ukirudi, aliiachia. Jioni ile hakusimamisha. Mtangazaji alisema sabuni ya Povujema inatoa povu hata kwa maji ya chumvi, na Biubwa, ambaye maisha yake yote alifulia maji hayo hayo ya chumvi ya kisima cha Bagamoyo, akamjibu: "Mwongo mkubwa wewe! Kesho nainunua, nije nikusute." Akacheka. Kesho yake hakuamka. Kanda ikabaki na yote matatu: tangazo, jibu na kicheko. Sina sauti yake nyingine.

Miezi michache baadaye utepe wa kanda ile ulikatika, nikaupeleka kwa Shaukat, mwenye duka ambaye pia ni fundi wa redio. Baraza ya duka lake ndiyo kijiwe chetu. Alasiri nilipokwenda kuichukua nilimkuta Bwanaheri, aliyekuwa tarishi wa mahakama na kwa hiyo huitwa Hakimu. Kitwana, aitwaye Mita Bendi kwa kuwa hulala na redio sikioni. Na Dadi, muuza kahawa, ambaye huwaacha wengine waseme kwa kuwa wanaosema ndio wanaokunywa.

Shaukat: Mwalimu, utepe nimeunga, nimeujaribu mpaka pale linapoanza tangazo la sabuni ya Povujema. Tena nitakufanyia hisani. Mashine ninazo mbili. Naicheza kanda yako hapa, nanasa kule, tangazo likija nakata. Utapata nyimbo tupu, safi kama mchele uliopetwa.

Mimi: Na hii ya zamani?

Shaukat: Hiyo ndiyo ujira wangu. Naifuta, nanasia mambo yangu. Kanda zimeadimika, Mwalimu.

Mimi: Usikate tangazo.

Wote wakanigeukia. Barazani kwetu mtu hataji habari za mkewe, seuze sauti yake. Nikatafuta sababu nyingine, na iliyonijia ilikuwa ya kipuuzi.

Mimi: Tangazo ni mali ya mwenye tangazo. Kulikata ni kumwibia.

Kitwana: Eti nini? Dadi, usimtilie tena Mwalimu kahawa, hiyo ya kwanza imempanda kichwani.

Bwanaheri: Mwache. Kisheria yuko sawa. Ipo sheria ya haki za watungaji. Wimbo una mwenyewe, tangazo lina mwenyewe. Ndiyo wahenga wakasema, mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Kitwana: Mbuzi kaingiaje hapa?

Bwanaheri: Mbuzi ndio wimbo.

Kitwana: Na ng'ombe?

Bwanaheri: Tangazo! Umekula wimbo, lipa kwa kusikiliza tangazo.

Kitwana: Basi mimi nimeshalipa zizi zima. Hakimu, we sheria umeisomea wapi? Si pale mlangoni, ukiita majina ya washtakiwa?

Bwanaheri: Mlango wa mahakama nao ni mahakama.

Kitwana: Na sikio langu nalo ni langu. Tangazo likija natoka, naenda zangu msalani. Nifungwe?

Bwanaheri: Kwenda msalani ruhusa. Kunasa wimbo ukaacha tangazo, hiyo jinai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kitwana: Sabuni imekuwa mkuu wako leo?

Shaukat akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kitwana alipoona amepata wasikilizaji, akasogea mbele ya benchi.

Kitwana: Nyie hamna habari. Baharia mmoja kashuka Dar juzi, kaniambia Marekani wameshtakiana. Kuna mashine inanasa televisheni. Watu wananasa picha, wanaruka matangazo. Wenye sinema wamechachamaa, wako kortini hivi sasa.

Shaukat: Atashinda nani?

Kitwana: Wenye sinema. Wao wana jicho.

Shaukat: Jicho gani?

Kitwana: Ndani ya televisheni, bwana! Wewe unaitazama, nayo inakutazama. Unadhani ile ya Unguja ni ya rangi bure? Rangi ni ya kukutambulia. Ukiinuka wakati wa tangazo, inaandika: kanzu nyeupe, kofia ya viua, kaelekea msalani.

Bwanaheri: Ndipo anapokuja mgambo.

Kitwana: Anakungoja mlangoni, na tangazo lako kalishika, akusomee!

Nilisoma chuo kikuu, na sikuwahi kusikia hoja dhaifu kama hizi, ukiitoa yangu.

Shaukat: Mimi mwenyewe nauza hiyo Povujema, na nasema tangazo lake takataka.

Bwanaheri: Unauza sabuni, tangazo lake hulitaki?

Shaukat: Na sumu ya panya nauza. Umenisikia nikiiimbia?

Kitwana: Basi Mwalimu ndiye kahongwa. Kapewa mche mzima wa sabuni! Ndiyo mliyofundishwa huko Mlimani, povu?

Mimi: Shaukat, nirudishie kanda yangu. Na vile vijino vyake vya nyuma, vya plastiki, vivunje.

Shaukat: Vijino? Nikivivunja, kanda hii hainasi kitu kingine tena mpaka kiyama! Nani anaua kanda nzima kwa ajili ya sabuni?

Hapo akaja mtu na redio iliyofungwa ndani ya gunia. Akatoa salamu, tukaitikia, akasema yeye ni Mwinyijuma, katoka Miono, redio yake imekuwa bubu. Shaukat akamwonyesha pa kukaa.

Shaukat: Kaa, ndugu yangu, uwe shahidi. Sikia tangazo analolililia msomi wetu.

Nilinyoosha mkono. Alikuwa ameshabonyeza.

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasifu povu, akasifu maji ya chumvi. Kisha, mbele ya wanaume wote wa baraza ile: "Mwongo mkubwa wewe! Kesho nainunua, nije nikusute." Na kicheko.

Shaukat, aliyemuuzia Biubwa uzi na sindano kwa miaka, akaganda na kidole hewani. Bwanaheri akainamia kikombe. Kitwana akavua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu. Mwinyijuma peke yake alicheka.

Mwinyijuma: Mama huyo kasema kweli! Kwetu Miono maji baridi, na sabuni hiyo povu haitoi, sembuse kwa ya chumvi? Mnataka kumkata?

Shaukat akasimamisha kanda.

Mwinyijuma: Nimewasikia tangu kule njiani mnapiga kelele. Wimbo una mwenyewe, tangazo lina mwenyewe. Haya, na kicheko hicho? Mwenyewe nani?

Hakimu, ambaye kila kesi ana methali yake, akamnyooshea Dadi kikombe. Mwinyijuma akatutazama mmoja mmoja. Dadi akainua birika.

Dadi: Kahawa imekwisha.

Niliisikia bado ikicheza ndani ya birika.

Shaukat akaitoa kanda, akaifuta kwa pindo la shati, akanipa kwa mikono miwili.

Shaukat: Niwie radhi, Mwalimu.

Mimi: Hapana neno.

Asubuhi yake nilivunja vile vijino viwili kwa ncha ya kisu. Duka lilipofunguliwa nilinunua mche wa Povujema. Shaukat akaufunga kwa gazeti bila kuuliza. Nikachota maji kisimani, nikafua kanzu niliyokuwa nimeivaa jana. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Povu halikutoka. Nikajifuta mikono, nikaingia ndani ilipo kanda, nikamwambia Biubwa.