Mliniombea Mtoto Ambaye Hakuwa Mgonjwa

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu, hata kwa mdomo kama huu wangu.

Nianze na siku niliyosema ndiyo mahali nilipopaswa kusema hapana. Alikuja nyumbani kwangu hapa Kimara kijana mmoja nadhifu, wakala wa wachezaji wa mpira. Mwanangu Elia alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anacheza winga ya kushoto, na timu yao ilikuwa imefika fainali ya kombe la vyuo. Wakala alisema kuna watu wa klabu ya nje wanakuja kumfanyia majaribio muda mfupi baada ya fainali hiyo. Alikunywa chai yetu, akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mzee wangu, fainali asicheze. Akiteguka kifundo tu, wale jamaa wanachukua mwingine. Kombe la chuo halimjengei mtu nyumba."

Niliona ana hoja. Na hata leo, ndugu zangu, sisemi kwamba kijana kuulinda mguu wake ni dhambi. Mguu ni wake na maisha ni yake. Dhambi yangu haikuwa hapo.

Elia mwenyewe alisikiliza, kisha akasema, "Sawa baba, sichezi. Ila niwaambie wenzangu ukweli. Wakinitukana watanitukana, yataisha." Hayo yalikuwa maneno ya mtu mzima, na aliyeyasema ni mtoto. Mimi nikakataa. Niliogopa aitwe msaliti. Niliogopa kocha wao, Mwalimu Kibwana, aliyemfundisha mpira tangu mwaka wa kwanza, aje kunisema mlangoni. Niliwaogopa na ninyi pia, kwa sababu vijana wengi wa kwaya walikuwa wamejipanga kwenda kumshangilia. Na mimi nilikuwa mzee wa kanisa, napenda kusalimiwa kwa heshima. Nikasema tutawaambia ana malaria.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Baba Elia, mdanganye mwalimu kama umeshaamua. Lakini usimtaje Mungu kwenye hilo."

Laiti ningelisikia neno lile!

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye mgonjwa. Nikasimama. Wengi wenu mliokaa humu leo mlikuwepo. Niliwaambia Elia amelala kitandani, homa imemkamata vibaya, na fainali ndiyo hiyo imekaribia, naomba kanisa lisimame nami. Nilisema hivyo ili habari ienee, ifike chuoni bila mimi kuipeleka. Mkanyoosha mikono. Mama Neema, aliyekuwa kiongozi wa akina mama, aliomba mpaka sauti ikamkauka. Kuna dada mmoja alitangaza kufunga. Nami nilifumba macho nikaitikia amina pamoja nanyi, kwa ajili ya kijana ambaye saa ile alikuwa ameketi nyumbani anakula chapati.

Ndugu zangu, uongo wa kanisani una miguu. Jioni ileile akina mama walikuja nyumbani kumwona mgonjwa, na uji, na machungwa, na pakiti ya glukosi. Nikamwambia Elia aingie kitandani haraka ajifunike blanketi. Joto la Dar mnalijua. Mama Neema akamwekea mkono kwenye paji la uso, akautoa umelowa, akasema, "Hii si homa, hii ni mvua ya masika." Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakapiga magoti. Waliomba muda mrefu. Mwanangu alilala pale akitiririka jasho, anaangalia dari, na mimi nimesimama mlangoni kama askari, nahakikisha hainuki.

Siku ya fainali Elia alikaa chumbani na simu mkononi, anafuatilia. Mechi ilikwenda mpaka penalti. Mpigaji wa penalti wa timu ile alikuwa Elia. Badala yake ilimbidi apige nahodha wao, Hamisi, kijana wa Temeke, beki, rafiki yake wa damu tangu siku ya kwanza ya chuo. Hamisi akapiga juu. Nilijua wamefungwa kwa sababu nilisikia simu imetupwa ukutani.

Kesho yake Hamisi alikuja na wachezaji wenzake wawili. Nilidhani wamekuja kulaumu. Hamisi aliniamkia kwa adabu, akaingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema, "Tusamehe braza. Tumekuangusha. Ungekuwepo tungebeba."

Kijana aliyekosa kombe ndiye aliyeomba radhi, na aliyeombwa radhi alikuwa mzima kuliko wote waliokuwa mle ndani. Elia akageukia ukutani. Nilidhani Hamisi ameona mgonjwa amezidiwa. Akainua mikono, akamwombea dua kwa taratibu ya dini yake, polepole, kisha akajipangusa uso, wakaondoka. Elia hakugeuka mpaka walipofika barabarani. Aliponiangalia, sikuyajua macho yale.

Majaribio alikwenda, akafaulu, akasajiliwa. Wakala hakutudanganya hata neno moja. Nawaambia hili ili mtu asidhani nililia kwa sababu mpango ulishindikana. Mpango ulifaulu wote.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonitetemesha. Huu si ushuhuda wangu wa kwanza katika madhabahu hii. Kabla Elia hajasafiri, nilisimama hapahapa, kwa suti, nikashuhudia jinsi Mungu alivyomwinua mwanangu kutoka kitanda cha homa na kumpa miguu mipya siku ya majaribio. Mlipiga vigelegele. Kwaya ilipiga pambio. Wapo waliokuja mbele siku ile kwa sababu ya maneno yangu. Elia alikuwa ameketi benchi la nyuma na mama yake. Katikati ya pambio alinyanyuka akatoka nje, na tangu siku hiyo hajaingia kanisani nikiwemo mimi.

Akaenda nje. Miaka ikapita. Alikuwa akimpigia simu mama yake, wanacheka, wanaulizana habari za kila mtu. Nikiomba simu, mtandao unakuwa mbaya. Watu walikuwa wakinisimamisha njiani kunipongeza kwa mtoto, nami nilikuwa napokea pongezi na kwenda zangu. Nilijiambia vijana ndivyo walivyo, atapoa.

Kisha mke wangu akaugua. Alianza kuvimba miguu, akawa anakosa pumzi akitoka chumbani kwenda sebuleni, daktari akatuambia moyo umechoka. Siku alipolazwa nilimpigia Elia mimi mwenyewe. Nikamwambia mama yako ni mgonjwa, hali si nzuri, njoo. Akaniuliza kwa upole kabisa, bila hasira:

"Baba, ni ugonjwa wa kweli, au ni kama ule wa kwangu?"

Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema, mwanangu, ule wa kwako nilitunga mimi na nimekosa, huu ni wa kweli, nakuomba uje. Ningesema hivyo angepanda ndege, nina hakika. Lakini nilisikia nimetukanwa. Nilipandisha sauti, nikamwambia hana adabu, nikamuuliza kama hivyo ndivyo wanavyofundishwa huko Ulaya. Akasema ana mechi muhimu, kuna watu wa klabu kubwa wanakuja kumtazama, akipata nafasi ataangalia. Akakata.

Nilimpigia tena, hakupokea. Mama yake alikuwa hawezi tena kuongea kwenye simu, pumzi haimtoshi. Na ndugu zangu, alikuwepo mtu mmoja ambaye Elia angemwamini bila kuuliza mara mbili. Hamisi. Namba yake nilikuwa nayo. Bado anaishi Temeke, ana duka la vipuri vya bodaboda Tandika. Nilikuwa nafungua jina lake kwenye simu, nalitazama, nalifunga. Kwa sababu kumwomba Hamisi ampigie Elia ilikuwa lazima nimweleze kwa nini mwanangu haniamini. Nikaona aibu. Nikaiweka aibu yangu kwenye mizani na mke wangu, nikaichagua aibu.

Kila nilipoingia wodini mke wangu aliuliza, "Elia?" Nami nikamjibu, yuko njiani. Siku ya kwanza alitabasamu. Siku nyingine alinitazama sana, akanishika kidole kama mtoto, akasema, "Usinidanganye na mimi, Baba Elia." Hakuuliza tena. Alifariki asubuhi, wakati wauguzi wanabadilisha mashuka.

Habari za msiba zilimfikia Hamisi kupitia vijana wa kwaya. Ni yeye aliyempigia Elia. Elia akaja kwa ndege ya kwanza aliyoipata, akaacha mechi, akaacha na hao watu wa klabu kubwa. Aliwahi mazishi. Alishika jeneza upande mmoja na mimi upande mwingine, hatukutazamana. Watu walilala msibani kwangu. Yeye alilala Temeke, kwa kina Hamisi. Akarudi zake.

Baada ya arobaini nilishindwa kusali. Nikipiga magoti naona paji la uso la mwanangu linatiririka jasho. Nikifungua kinywa linakuja neno moja tu, mgonjwa, mgonjwa. Nilipungua mwili. Mchungaji alidhani ni majonzi, akanitia moyo, na kila aliponisifu kwa uvumilivu nilizidi kuoza ndani.

Ndipo siku moja nikaenda Tandika. Nilimkuta Hamisi anamfungia mteja cheni. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema shikamoo, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, pale dukani, watu wakipita. Nilimwambia, ile malaria haikuwepo, niliitunga mimi, Elia alitaka kuwaambia nikamkataza. Nilikuwa nalia, mzee mzima.

Hamisi akanitazama. Akasema, "Mzee wangu, sie tulijua siku ileile."

Nikamuuliza walijuaje.

"Viatu vyake vya mpira vilikuwa vimeanikwa uani kwenu, vina matope mabichi. Mgonjwa gani anafanya mazoezi?" Nikakumbuka Elia alivyokuwa akitoka alfajiri kujifua kwa ajili ya majaribio. Hamisi akacheka, si kwa ubaya. "Tulikubaliana palepale uani tusimwaibishe."

Nikasema, na ile dua je? Ulimwombea mtu unayejua haumwi?

Akasema, "Sikuomba apone. Habari za majaribio zilishatufikia chuoni. Nilimwombea hiyo nafasi yake isimpite. Mngetuambia tu, mzee. Tungemkasirikia siku mbili, halafu tungemsindikiza uwanja wa ndege."

Watu niliowaficha walikuwa wameshamsamehe kabla sijamaliza kuwadanganya. Nilimlaza mwanangu kwenye kitanda cha uongo kwa kuogopa hasira ya siku mbili.

Pale dukani, ndugu zangu, kati ya matairi na makopo ya oili, ndipo Bwana aliponifungua. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Nilimwambia Yesu, mimi ni mwongo, na nimekutumia jina lako kama pazia. Basi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliweza kusema Baba Yetu mpaka mwisho. Hamisi aliendelea kumhudumia mteja wake.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kibwana, nikamwomba msamaha. Alinisema sana, nami nilisimama nikasikiliza yote, kisha akanikaribisha chakula. Nilikwenda kwa mchungaji, nikarudisha uzee wa kanisa. Leo ameniruhusu kusimama mbele yenu, nami nawaomba radhi. Mama Neema, magoti yako uliyochubua kwenye sakafu yangu, nisamehe. Dada uliyefunga, nisamehe. Na yeyote aliyekuja mbele siku ile kwa ushuhuda wangu wa uongo, namsihi asimwache Yesu kwa ajili yangu. Yeye hakuwa sehemu ya uongo ule. Mimi ndiye niliyemchomeka.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kifungoni nikiwa na mvi, kwa kuwa angeweza kuniacha nife nimevaa heshima yangu. Na wewe uliyeketi hapo na jambo lako, unaogopa watu watasema nini, nakusihi umwamini Yeye leo. Sema ukweli ukiwa bado una mtu wa kumwambia. Watakasirika, ndiyo. Mpe Bwana hasira yao aishughulikie, anaiweza. Mimi sikumwamini kwa hilo, nikaamua kushughulika mwenyewe.

Nimemwandikia Elia ujumbe kwenye simu, nimemwambia nilichomwambia Hamisi, bila kujitetea. Ameusoma. Hajajibu, nami simlaumu.

Nimesamehewa, ndugu zangu, nalala usingizi. Lakini kusamehewa hakukurudisha kitu. Mke wangu alikufa akimtafuta mwanawe mlangoni, na mwanawe angekuja. Elia yupo hai, ana afya, anacheza mpira, na mimi sina mtoto.